Wageni wa Maini

Daktari Insaf alifungua boksi kando ya shamba la maharage huko Fayum. Wadudu-kibibi wakamiminika nje, wekundu kama shanga.

“Ulinikataza kupiga dawa, sikupiga,” alisema Haji, mwenye shamba.

“Dawa ndiyo hii, Haji. Leo hawa watawala vidukari wako, kwisha kazi!”

Majani yalikuwa meusi kwa vidukari, vile vidudu vinavyofyonza utomvu. Mdudu-kibibi mmoja akampanda kidukari mnono, akampita kama anayevuka kokoto. Wenzake nao vivyo hivyo, wote wakielekea ukingoni, alikoketi mke wa Haji akikata maini mabichi ya kumpikia mgeni.

Wakatua kwenye sinia.

Insaf alihisi uso ukiwaka kwa aibu. Kule maabarani aliwalea kwa rojo la maini na asali, maana lilikuwa rahisi kupatikana na liliwanenepesha upesi. Kidukari hawakuwahi kumwonja.

“Kumbe watoto wa mjini hawa!” Haji akaangua kicheko, kisha akauona uso wa Insaf, akakikatiza.

Mkewe hakucheka. Aliinamia sinia, akaanza kuyakata maini vipande vidogo zaidi.

“Waache wale, binti yangu,” alisema kwa upole. “Mgeni hafukuzwi.”