Spea Iko Njiani

Katika daftari la Gicheru, kila kifaa kilikuwa na jina la mtu.

Upande wa kushoto aliandika kinachohitajika, upande wa kulia kilipo. Mota za kusukuma reli: mbili kwenye printa ya Murugi, moja kwenye fotokopi ya Fuad. Pawa saplai: kompyuta ya Kim. Swichi za kusimamisha mashine ikifika ukingoni: maikrowevu ya Monicah. Mkanda: fotokopi ya Fuad tena, kwa kuwa ilikuwa imeshafunguliwa.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuchonga mbao kwa kompyuta. Unachora herufi kwenye skrini, kisu kinazichonga chenyewe, fundi amekaa zake anakunywa chai. Gicheru aliiunda mwaka mzima ndani ya kibanda chake cha kutengeneza vyombo vya umeme, Majengo, nyuma ya msikiti. Alichonunua kipya ni kimoja tu, kibao cha kuziongoza mota, nacho alimwonyesha kila mgeni kama cheti cha ndoa. Vingine vyote wenyewe walivileta kwa miguu yao, wakaacha na namba ya simu.

"Fundi, hii ni mwezi ya tatu," Monicah alisema Jumatano, amesimama mlangoni. "Maikrowevu yangu iko wapi?"

"Spea iko njiani, Monicah. Imefika Nairobi."

"Wiki iliyopita ilikuwa imefika Mombasa."

"Si unaona vile inakuja?"

Monicah akaondoka bila kuaga. Gicheru hakujihesabu kuwa mwongo. Mashine ikishaanza kazi angewarudishia wote vifaa vipya, na soda juu. Ijumaa saa tisa kamati ya kanisa ingekuja kuiona ikichonga. Ikiwaridhisha, mabango na viti vyote vya kanisa jipya ni kazi yake, na kibanda kinahamia barabara kubwa. Isipowaridhisha, kazi inakwenda kwa jamaa wa Karatina mwenye mashine ya dukani, na Gicheru anabaki na rundo la vyombo vya watu vilivyofunguliwa matumbo.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja: mota ya kasi ya kuzungusha kisu. Mbele yake, daftarini, hapakuwa na jina.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, Wakonyo, kutoka Tetu, anayeshona sare za shule. Mota ya cherehani yake iliharibika Novemba. Mwanawe, fundi hodari wa mota, hakuigusa. Mganga hajigangi, na tena alikuwa anaunda mashine. Akamwelekeza kwa Mburu wa Chaka, waliyesoma naye chuo cha ufundi. Mtu mwaminifu sana, alimwambia.

"Mburu ananiambia ati spea iko njiani," mama akasema. "Sasa ninakanyaga ile cherehani ya miguu, na goti imevimba. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Niko na watoto sitini wananingojea."

Gicheru akawaka. "Hawa mafundi wa Chaka hawana Mungu! Mtu anakaa na kitu ya mama mzee miezi miwili, anamdanganya mchana peupe?" Alisema kwa uchungu wa kweli kabisa, mkononi ameshika swichi ya Monicah.

"Usigombane na yeye. Haiwezi potea, niliiweka alama na cutex."

Gicheru akacheka. Mama yake hakuwa na kitu kisichopakwa rangi ya kucha. Sufuria, jembe, mtungi wa maziwa. Hata kuku wake walitembea shambani na kucha nyekundu kama maharusi.

Alhamisi akaenda kwa Mishi, anayeuza vyuma kuukuu hapo Majengo, akakuta mota ndogo imejaa grisi nyeusi. Akaiunganisha kwenye umeme, ikavuma sawasawa. Brashi mpya, waya mpya. Aliyeitengeneza alikuwa anajua kazi yake.

"Imetoka wapi, dada Mishi?"

Mishi akamtazama juu mpaka chini. "Fundi, na wewe pia wauliza?"

Gicheru akaona haya. Kwa mtu wa kazi yake, lile lilikuwa swali la utovu wa adabu. Wakabadilishana: kompyuta ya Kim, au kilichobaki ndani yake, ikaenda, mota ikaja.

Ijumaa saa nane na nusu mashine ikachonga herufi yake ya kwanza. Ilikuwa K, ya Kanisa, safi, kingo zimenyooka, na Gicheru akajikuta anafuta machozi. Mwaka mzima watu walimcheka, na sasa kisu kinatembea chenyewe. Akachovya tambara kwenye petroli aipanguse mota, wazee wa kamati wasije wakachafua suti.

Grisi ikatoka. Chini yake, mgongoni mwa mota, palikuwa na matone matatu mekundu ya rangi ya kucha, yamepangwa kwa uangalifu.

Akakaa juu ya fotokopi ya Fuad. Nje gari likasimama, milango ikafunguliwa, mzee mmoja akauliza kwa sauti kama hapa ndipo. Simu ikalia.

"Gicheru, goti imekataa kabisa," mama akasema. "Kesho naenda Chaka mimi mwenyewe. Nitakaa kwa mlango ya Mburu mpaka anipe mota yangu."

Gicheru akayatazama yale matone. Akaitazama ile K. Kisha akachota grisi kwa kidole, akaipaka juu ya matone, moja baada ya jingine, mpaka yakapotea.

"Usisumbue hiyo goti, Mama," akasema kwa upole. "Nimeongea na Mburu sasa hivi. Spea imefika Mombasa."