Kibandani kwa Bi Skolastika

Siku hizo mjini Songea, kila aliyelipia tamthilia alivaa miwani yake, akabonyeza kitufe, na hadithi ikaishia pale moyo wake ulipotaka. Hivyo Apolonia na binti yake Devota waliketi kwenye kochi moja bila kuwa na la kuzungumza.

“Afadhali! Yule mama mkwe katili kafa!” Apolonia alisema siku moja.

“Kwangu kaolewa, mama,” Devota alijibu bila kuvua miwani.

Jumapili moja, baada ya misa, Apolonia alimpeleka binti yake kwenye kibanda umiza cha Bi Skolastika, banda la video palipoonyeshwa nakala za wizi za tamthilia kwenye skrini moja. Picha ilikuwa na michirizi, na polisi wangeweza kuvamia wakati wowote. Hata hivyo watu walifurika, kwani hapo hadithi ilikuwa moja kwa wote. Apolonia alimstahi Bi Skolastika kama mtu aliyewarudishia majirani moto wa kuota pamoja.

“Bibi harusi huyu hana akili hata ya kuku wangu!” mwanamke mmoja alipaza sauti akiinyooshea skrini kidole, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Devota alicheka, akamwegemea mama yake, naye Apolonia akashukuru kimoyomoyo.

Kisha bibi harusi akafariki, na watu wote wakalia. Devota alifuta machozi, akanong’ona, “Mama, tunabonyeza wapi ili aamke?”

Apolonia alimtazama binti yake, mtu mzima wa kuolewa mwezi ujao, akaona kwamba hakuwa akitania.