Bibi Harusi Hasimami

Mume alivuta mkia, mke akasukuma bega, na Bibi Harusi hakusimama.

Huyo ni ng'ombe. Walimpa jina hilo kwa mwendo wake, maana tangu akiwa ndama alitembea kwa madaha hata akienda kunywa maji. Madaha yamekwisha. Sasa amelala bandani anasaga meno, na mbavu zake unazihesabu ukiwa mlangoni.

"Njaa hiyo," alisema bibi, mama yake mume. "Njaa haina adabu, jamani!"

Ukame ulikuwa umelimaliza banda zima. Majani ya shambani yamekauka, pumba hazipatikani, na majirani wamechoka kuombwa mabua. Ng'ombe wengine walikufa mmoja mmoja huku watu wanawatazama. Kabaki yeye, na mimba yake kubwa. Akizaa, banda limefufuka: kuna ndama, kuna maziwa, kuna pa kuanzia. Akifa, ndiyo basi tena, wale watu watatu hawana kitu duniani.

Ndiyo maana mume hakutaka mchezo. Banda lile lilikuwa na sheria tangu enzi za marehemu baba yake: ng'ombe hulishwa na mkono mmoja. Mkono huo ulikuwa wake. Asubuhi kikapu cha majani makavu, jioni kikapu kingine, imetoka hiyo. Mwingine akionekana bandani na jani hata moja, patachimbika!

Jana jioni Bibi Harusi alianza kuyumba, na kila mtu akachanganyikiwa kivyake. Mke alikwenda kuzoa samadi, ingawa ng'ombe asiyekula hana samadi ya maana. Alipotoka, bibi akaomba aachwe peke yake amwombee mnyama. "Na dua yangu ni ndefu, msinisumbue," aliwaonya, akajitanda kanga yake na kuingia. Mwisho mume akaenda kukagua kamba, kamba ambayo yule maskini hakuwa na nguvu hata ya kuinyoosha.

Chakula cha usiku hakikupikwa. Mke alisema kichwa kinamuuma. Mume akasema usijali, hana njaa. Bibi akasema hata yeye, tumbo limemjaa gesi. Pipa la unga, akiba ya mwisho ya nyumba, lilikaa pale jikoni na hakuna aliyelifunua. Watu waliokonda vile, na wala hawakushangaana.

Asubuhi daktari wa mifugo alipofika na pikipiki yake, mke alimkimbilia kabla hajavua kofia.

"Daktari, tuokoe! Akifa huyu tumekufa na sisi."

"Shikamoo, mama," daktari alimwamkia bibi kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Salamu baadaye, muone mgonjwa."

Daktari alipiga magoti, akabonyeza ubavu wa kushoto wa ng'ombe. Ukabonyea na kubaki na alama ya vidole. Akasikiliza tumbo kwa muda mrefu. Akakiangalia kinyesi chepesi kilichotapakaa nyuma, akakinusa, akakunja uso.

"Mchome sindano ya nguvu," mume alimsihi. "Nakuomba, kaka. Njaa inamuua huku tunamtazama."

"Njaa gani?" Daktari alisimama akijifuta mikono. "Huyu amevimbiwa. Tumbo limechacha, na sumu imeshaingia mwilini. Ng'ombe aliyezoea majani makavu humpi unga ghafla namna hii. Kidogo angestahimili, lakini huyu kala unga wa mahindi karibu ndoo nzima. Nani kampa?"

Bibi Harusi alikoroma, akalaza shingo chini.

Mume alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Lakini kabeseni kamoja tu, Daktari. Haki ya Mungu, kamoja."

Mke aliangua kilio. "Na mimi kamoja!"

Bibi alikuwa ameshakaa chini kwenye samadi, mikono kichwani.