Kahawa ya Muhafidh

"Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa Muhafidh, mkuu wa mkoa wetu mzima, leo alasiri atakunywa kahawa kwa Bi Mkubwa!"

Tangazo hilo zito, kwa Kiarabu cha kiofisi, lilitoka chooni mwa bweni moja la mji wa Ibra, kwenye simu ya Ghaith kwenda kwa bibi yake; alikuwa amejibana pua ili asikike kama karani wa Muhafidh.

Lori bovu la jirani lilikuwa limeziba njia ya bibi yake, hata gari la kumpeleka kusafishwa figo halikufika mlangoni. Kisheria, Bibi aliambiwa, Muhafidh hana amri juu ya lori lililolala kiwanjani kwa mwenyewe. Lakini nani atakubali Mheshimiwa aruke matairi yake akiifuata kahawa?

Bibi akamfikishia jirani habari, na Ghaith alipofika alasiri, lori halikuwapo. Jirani, kanzu imenyooka na kilemba kipya, alikuwa mlangoni kwa Bibi akimpima Ghaith kwa jicho la pembeni.

"Mbona Mheshimiwa kachelewa, Bi Mkubwa?"

Bibi alimtazama Ghaith kwanza. "Kaahirisha mpaka wiki ijayo. Ole wako ulirudishe lori!"

Jirani akaenda zake akigeukageuka nyuma.

Bibi akammiminia Ghaith kahawa. Akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Bibi akamimina tena. Akatikisa. Akamimina, mpaka kahawa ikafurika ikamchoma vidole.

"Yule karani," Bibi akasema taratibu, "niliposema haloo, aliniamkia shikamoo, ndipo akaendelea na Kiarabu chake. Hiyo shikamoo kajifunza wapi?"

"Ni mimi, Bibi."