Mba kwenye Mkanda

Kulikuwa na mtu ndani ya dawa.

Si mtu mzima. Chembe zake tu, nyeupe, nyembamba, zikielea ndani ya vichupa vilivyokuwa vipelekwe wodi ya watoto wachanga. Mtaalamu wa maabara ya kiwanda aliziangalia kwa darubini, kisha akainua uso akiwa amekunja pua.

"Ngozi," alisema. "Kuna mtu anapukutika kwenye chumba safi."

Bibi Sabuni, aliyesimama karibu naye, alifunika mdomo kwa leso. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, na wala halikumuudhi. Hakuuliza huyo mtu ni nani. Alimjua. Alikuwa analala sebuleni kwake.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa mkanda unaosafirisha vichupa. Mumewe ndiye aliyemsihi amtafutie kazi ndugu yake, naye akakubali shingo upande. Tangu siku hiyo ilikuwa kinyaa juu ya kinyaa. Shemeji alikatia kucha za miguu kwenye kochi. Alikohoa, akameza. Akiinuka aliacha mba kwenye mto. Na kila jioni alichovya vidole kwenye kopo la mafuta mazito ya kondoo, akajipaka mpaka viwikoni, halafu akashika kitasa, akashika jagi la maji, vyote vikabaki vinateleza na kunuka kondoo.

"Shemeji, jipake kidogo," alikuwa akimwambia Bibi Sabuni na kumsogezea kopo. "Hiyo spiriti itakuumiza mikono."

"Bora niumie kuliko ninuke."

Na kweli ilimuuma. Alisugua mikono kwa brashi na sabuni ya kufulia mpaka vifundo vikapasuka, kisha akamalizia na spiriti. Maumivu yale aliyapenda. Yalimhakikishia kwamba angalau mtu mmoja mle nyumbani alikuwa safi.

Kazini walisimama kona moja. Vichupa vilikuja juu ya mkanda vikiwa wazi, bega kwa bega, na vilipofika kwenye kona viliyumba. Kimoja kikilala, vya nyuma yake vyote vinalala. Bibi Sabuni aliviinua kwa kibano kirefu, na shemeji akawa anasogeza reli ya pembeni ili visibanane. Wote wawili walikuwa wamefunikwa kuanzia utosini mpaka unyayoni, lakini Bibi Sabuni alijua kilichokuwa chini ya kofia ya shemeji. Kila shemeji alipogusa reli karibu na kibano chake, mwili ulimsisimka. Alivua glavu palepale, akazitupa, akavaa nyingine. Utaratibu ulisema glavu zibadilishwe mlangoni, ila mkanda haungoji mtu, na uchafu ule asingeweza kutembea nao mpaka mlangoni.

Meneja aliwaita wote wawili. Vichupa vilivyochukuliwa kabla ya kona havikuwa na kitu. Vilivyochukuliwa baada ya kona vilikuwa na chembe.

"Ni mmoja wenu," alisema. "Na huyo akijulikana, hataingia tena kiwandani kwangu."

"Tupime," alisema Bibi Sabuni kabla hajaulizwa. "Weka sinia jeusi upande wangu na jingine upande wake, mkanda utembee na vichupa vitupu, tufanye kazi kama siku zote. Usitazame undugu, bosi. Hata mimi sitautazama."

Walipotoka nje shemeji alimfuata kwenye korido.

"Shemeji, nikifukuzwa hapa nitakwenda wapi?"

"Utakwenda kuoga."

Jioni hiyo, mumewe akiwa bado hajarudi, alivaa glavu na kufungasha nguo za shemeji kwenye begi, akizishika kwa ncha za vidole. Aliliweka begi mlangoni. Kisha akavua kitambaa cha kochi na kukiloweka kwenye maji ya moto, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akala chakula chake chote bila kichefuchefu.

Kesho yake mkanda uliwashwa. Masinia yalikuwa chini ya kona, meusi, yamefutwa yakang'aa. Shemeji alisogeza reli. Bibi Sabuni akavua glavu, akavaa mpya. Shemeji akasogeza tena, naye akavua tena, safari hii kwa madaha kidogo, ili meneja aliyekuwa dirishani aone usafi unavyofanywa. Macho yake hayakubanduka kwenye sinia la shemeji.

Baadaye, wakiwa wamevua ovaroli na kurudia nguo zao, masinia yaliletwa mezani kwa meneja yakiwa yamefunikwa. Mtaalamu wa maabara alisimama pembeni na taa ndogo mkononi.

Meneja alifunua la fundi. Lilikuwa jeusi tii. Bibi Sabuni aliinama mpaka pua ikakaribia kuligusa, akatafuta kila pembe, hakuona hata chembe moja.

"Basi ile kofia imeizuia mba yake," alisema. "Leo alijua anaangaliwa."

Meneja alifunua sinia la pili, akarudi nyuma kama mtu aliyefunua sufuria la chakula kilichochacha. Mtaalamu alimulika. Lilikuwa jeupe, kama limechekechewa unga.

Mtaalamu alikunja pua, na alikuwa anaitazama mikono ya Bibi Sabuni, iliyokuwa inabambuka ngozi. Shemeji alitia mkono mfukoni, akatoa kopo lake la mafuta, akalisukuma polepole juu ya meza mpaka likagusa vile vifundo vilivyopasuka.