Kikohozi cha Mtangazaji

Jaji alisema maneno ya mtangazaji hayakuwa ugaidi, na kifungu cha sheria kilichompeleka rumande kikafutwa. Mawakili wakakumbatiana.

Mama wa mtangazaji hakuinuka. Mwanawe alifia humo humo rumande, na mawakili wakaendelea kukipinga kifungu hicho mahakamani. Miaka miwili, karibu kila kikao, serikali ilipiga rekodi ya matangazo yake kama kielelezo. Wengine mahakamani walisikiliza uchochezi. Mama alitegea sikio kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kabla mwanawe hajaanza kusema.

Karani alikuwa anakunja waya wa spika.

"Mwanangu, hamtaipiga tena?"

"Kesi imekwisha, mama. Kielelezo kinarudi stoo."

"Niwekee pale mwanzo tu. Akishakohoa, zima."

Karani alitazama mlango, kisha akaanza kuukunjua waya.