Mchezaji wa Ukurasa wa Tisini

Mchezaji wa ukurasa wa tisini hakuwahi kuzaliwa. Bushra alikuwa na hakika, kwa kuwa alimtunga mwenyewe.

Kila mwaka, katika kitabu chake cha besiboli, alipachika chipukizi mmoja wa uongo: jina, mkono anaorushia, kimo, kasi ya mpira wake. Chipukizi wa kweli walipendekezwa na klabu zao. Huyu hakupendekezwa na mtu. Anayeiba kitabu kizima humwiba na yeye. Mwaka uliopita mtego ulinasa tovuti moja, ikafungwa. Mwaka huu wa 2017 mtego uliitwa Gustave Duni, na Bushra hakumwambia mtu.

Kitabu kilipangiwa mwezi wa tisa. Kilitoka Julai, cha karatasi na cha kidijitali siku moja, kwa sababu Joël, mpanga kurasa wake, alimng'ang'ania.

"Tutoe sasa, mama. Wezi wakiamka, wakute kiko sokoni."

"Haraka ya nini, Joël?"

"Wezi wa siku hizi wako na data, mama. Ni sisi tu tunangoja mwezi wa tisa."

Siku ile Bushra alicheka, akakubali. Sasa, katika ofisi yake ya Braamfontein, nakala ikiwa bado inanukia wino, hakuwa akicheka. Katika rasimu alikuwa ameandika kwamba Duni anarusha kwa mkono wa kulia. Kitabu kilisema kushoto. Aliandika kimo cha kawaida. Kitabu kilimpa mita moja na sentimita tisini na moja. Kasi aliyoandika ilikuwa kilomita 118 kwa saa. Kitabu kilisema 141.

Alizilinganisha kurasa zote nyingine na rasimu yake. Hazikuwa na kosa.

Baada ya mkono wake, ni mkono mmoja tu uliogusa kurasa hizo. Mtego uliochezewa si ushahidi tena. Kwa hiyo Joël aliugundua, akauharibu, ili mtu anayemuuzia kitabu asikamatwe. Haraka yote ile ilikuwa ya hilo.

Hakumuuliza. Anayeulizwa mapema hupata muda wa kutunga jibu.

Wiki hiyohiyo kocha Steve alipiga simu. Aliandaa majaribio ya Jumamosi katika uwanja wa Kensington kwa ajili ya msaka vipaji aliyetoka ng'ambo, na walioalikwa ni chipukizi wa kitabu cha Bushra, hao tu.

"Huyu Duni wako amethibitisha kuja," alisema Steve. "Hana klabu, hakuna anayemjua. Njoo umtambue. Mgeni ana nafasi moja, na hatampa mtu asiye na wa kumsemea."

"Amethibitisha nani?"

"Duni mwenyewe. Kwa meseji."

Bushra alikata simu. Kumbe kuiba hakukutosha. Walitaka na kumwaibisha. Ikijulikana kwamba kitabu kina mtu wa kubuni, nani ataamini kurasa zilizobaki? Miaka kumi na moja ya kazi ingeishia uwanjani, mbele ya watu.

Alhamisi alikwenda Kensington kuuliza. Getini alisimama mlinzi kijana, mkono wa kulia umeshika komeo.

"Jambo, mama."

"Jambo. Unamjua mrushaji anayeitwa Gustave Duni?"

Alichelewa kujibu. "Mimi hapa nalipwa kufungua geti, mama. Ya kujua watu hawajaniongeza."

Mpira wa mazoezi ulivuka uzio, ukaanguka miguuni mwao. Mlinzi aliinama, safari ndefu kwa mtu wa kimo chake, akauokota na kuurudisha bila kuachia komeo. Ng'ambo ya uwanja, mdakaji aliupokea pasipo kusogeza glavu.

Bushra aliweka akilini jambo moja tu: kuchelewa kule kujibu. Na huyu amepewa kitu, aliwaza.

Jumamosi geti lilifunguliwa na Joël.

Kofia ya mlinzi ilimshuka hadi kwenye nyusi. Kizibao cha kung'aa kilimfika magotini.

"Unafanya nini hapa?"

"Nashikia mdogo wangu zamu, mama." Hakumtazama machoni. "Eish, usinifukuze leo. Nifukuze Jumatatu."

Bushra alimpita bila kujibu.

Kwenye kilima cha mrushaji alisimama mtu mrefu mwenye suruali ya sare ya ulinzi na viatu vya kuazima. Alirusha kwa kushoto. Msaka vipaji akasoma kipima kasi, akakigonga kiganjani kama kimeharibika, akamwomba arudie. Akarudia.

"Mia moja arobaini na moja," msaka vipaji alisema. "Tena."

Steve alikuja na kitabu kimefunguliwa ukurasa wa tisini.

"Basi tuambie, Bushra. Gustave Duni ndiye huyu?"

Kijana aliacha kurusha. Alibana mpira kwenye kiganja, akimtazama. Getini Joël alikuwa amevua kofia.

Bushra alikichukua kitabu, akausoma ukurasa kama alivyosoma kurasa zote maishani mwake, mstari mmoja mmoja, akiinua macho kila alipomaliza mstari. Mkono. Kimo. Kasi.

"Hapana," alisema.

Akatoa kalamu, akalikata jina, jina peke yake.

"Kosa la uchapaji. Cha kidijitali tutakisahihisha leo leo." Akamgeukia kijana aliyeshika mpira. "Jina lako kamili nani, mwanangu?"